Kilichonifunga Kizazi

Wanaoniuliza kama ile chanjo ya wasichana ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi inafunga kizazi huwa nawajibu hivi: kizazi changu kimefungwa, na sijawahi kuchanjwa.

Mwaka 2019 nilianza kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Hapa Makanya jambo hilo mwanamke halisemi hata kwa dada yake. Nilimeza dawa za UTI, nikapewa nyingine, mgongo ukazidi kuuma. Baadaye nikapakwa siki kwenye mlango wa kizazi, pakatokea weupe, wakakata kinyama kwenda kupimwa. Saratani.

Nilitibiwa Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ya nje Jumatatu hadi Ijumaa, dripu kila wiki, mwisho mionzi ya ndani, ambayo nikiisimulia hapa mtaacha kula. Mume wangu alibaki kwenye mkonge, mama mkwe akamlea binti yetu. Nilipona. Lakini mionzi inayoua uvimbe haiyaachi mayai, na hedhi yangu ilikoma nikiwa bado kijana.

Aprili 2024 ilipotangazwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, binti yangu alikuwa darasa la tano. Wifi yangu akaja na maneno ya kijiweni: wazungu wanatupunguza.

“Wifi, serikali iliianzia hapa hapa Kilimanjaro mwaka 2014, nchi nzima ikafuata 2018. Wale watoto wa mwanzo si ndio hawa tunaokutana nao kliniki, wamebeba wachanga?”

Akanyamaza. Kisha: “Na wanaozimia?”

Hapo aliuliza la maana. Kuzimia kupo, hasa kwa hofu ya sindano, ndiyo maana mtoto huketishwa dakika 15 akiangaliwa. Mkono huuma, homa kidogo huweza kuja. Ila ndani ya chupa hamna kirusi cha HPV, kile kinacholeta saratani hii, kizima wala mfu. Ni ganda lake tu la protini, mwili uizoee sura ya adui. Dunia inaitumia tangu 2006, na wataalamu wa usalama wa chanjo wa WHO waliochunguza habari ya ugumba hawakuona uhusiano wowote.

Binti alichanjwa shuleni. Kesho yake akagoma kuchota maji, eti mkono. Mimi nadhani nusu ilikuwa uvivu.

Wifi umri wa chanjo hiyo ulishampita. Tulipanda naye basi kwenda Same, akapakwe siki.