Ramani ya Darasani na Mto Rufiji

Kwa muda wa miaka thelathini nilikuwa mwalimu wa jiografia, na katika miaka yote hiyo sikuwa na chombo cha kazi nilichokipenda kuliko ramani ya Tanzania iliyotundikwa ukutani. Nchi yetu ni pana. Eneo lake, maji na nchi kavu pamoja, lapata kilomita za mraba 945,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Nchi ya upana huo haiwezi kuwa na sura moja. Mtoto wa Moshi, asubuhi isipokuwa na mawingu, hutoka nje akaiona theluji ya Kilimanjaro. Mtoto wa Mwanza hucheza juu ya majabali yaliyopandana kando ya ziwa. Mtoto wa Dodoma huijua mvua ya msimu mmoja tu, kisha miezi mingi ya vumbi. Nilipenda kuyasema haya, na wanafunzi walipenda kuyasikia.

Mimi mwenyewe nalizaliwa Masasi, katika nchi ya mikorosho na vilima vya mawe vilivyosimama peke yake uwandani. Lakini ualimu wangu niliuanzia Moshi, na sina budi kukiri kwamba nchi ile ilinipumbaza. Mlima huzuia mawingu yatokayo baharini, na mvua humwagika juu ya miteremko yake ya kusini. Wenyeji tangu zamani walichimba mifereji ya kuyatoa maji makorongoni na kuyapeleka katika vihamba vyao, ambamo kahawa huota chini ya kivuli cha migomba, na ng'ombe hufungwa bandani karibu na nyumba, samadi yake ikarudi shambani. Wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu mwaka 1933. Reli ilikuwa imefika Moshi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Shule zilikuwa nyingi, na mzazi aliuza kahawa yake akalipa karo bila kuuza shamba.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, mbona mikoa ya kusini ni maskini?" Nilimjibu kama kitabu kilivyonijibu mimi: udongo wake ni wa kichanga, mbung'o ni wengi, watu ni wachache na wametawanyika. Mwingine akaongeza mzaha juu ya Wamachinga. Jina hilo ni la watu wa Lindi, na wakati ule lilikuwa limekwisha anza kugeuzwa kuwa jina la kila mchuuzi wa barabarani. Darasa lilicheka. Nami nilicheka pamoja nalo, na hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyejua kwamba mwalimu wake alitoka huko.

Mwezi wa Aprili mwaka 1990 nililetewa simu ya maandishi kwamba baba yangu ni mgonjwa sana. Nilingoja siku mbili nipate mshahara, jambo ambalo mpaka leo silipendi kulikumbuka, kisha nikapanda basi. Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi, nami niliondoka alfajiri nikafika kabla ya giza kuwa nene. Kutoka Dar es Salaam hadi Masasi ni umbali unaokaribiana na huo. Nilitumia siku tisa.

Msomaji asiyeujua mto Rufiji wakati wa masika ataniona natia chumvi. Mto ule hukusanya maji ya nyanda za juu za Iringa na Mbeya na ya bonde la Kilombero, ukayateremsha yote pwani kwa mkondo mmoja. Palikuwa na kivuko mahali paitwapo Ndundu. Mto ulipofura, kivuko kilisimama, na barabara za pande zote mbili ziligeuka tope. Ndege haikuwa ya mshahara wa mwalimu, meli ilikuwa imekwisha ondoka, na njia ya kuzunguka kwa Songea na Tunduru ilikuwa ndefu na mbovu vilevile. Basi tuliketi ukingoni siku sita. Magari yalijipanga nyuma yetu. Akina mama walipika uji kwa kuni mbichi, watoto wakashikwa na homa, na mfanyabiashara mmoja aliyachungulia magunia yake ya unga yaliyokuwa yakivunda bila kusema neno.

Usiku mmoja niliota moto pamoja na dereva mzee wa lori. Alipojua kwamba nafundisha jiografia alinitazama kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, bei ya korosho za baba yako haipangwi sokoni. Hupangwa hapa." Kisha akanieleza hesabu yake: safari moja ya kusini ilivunja springi na kula matairi kuliko safari tatu za Moshi, kwa hiyo alidai nauli kubwa, kwa hiyo mnunuzi wa mazao alimpunja mkulima, kwa hiyo sabuni na saruji zilipofika Masasi zilikuwa ghali kuliko mahali pengine. Hayo hayakuwamo kitabuni mwangu.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amezikwa siku tatu zilizopita. Mama alinipa maji ya kuoga na chakula, wala hakuniuliza nilichelewa kwa nini. Asubuhi nilikwenda shambani kwake, nikakuta ubwiriunga umekausha maua ya msimu uliopita, maana hatukuwa na salfa ya kupulizia. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilitoa tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika hata 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho mbali, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa ukamalizia.

Tangu siku hizo niliitazama ramani yangu kwa jicho jingine. Niliona kwamba miji yetu mingi mikubwa ya bara imetungwa kama shanga katika uzi wa reli. Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaifikisha Mwanza mwaka 1928, nayo pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda baharini. Kusini nako palikuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa mwaka 1947, ikafika Nachingwea. Karanga zilishindwa, na katika miaka ya mwanzo ya Uhuru reli ikafungwa na vyuma vyake kung'olewa. Wazee wetu walioyaona yote mawili, kutandikwa na kung'olewa, walisimulia habari hiyo kama ya mgeni aliyekuja, akala, akaondoka na sufuria.

Sisemi kwamba ardhi haina neno. Kichanga ni kichanga, na Masasi haitaota kahawa ya Kibosho. Lakini Dodoma ni kavu kuliko kwetu, na tazama ilivyokua: mwaka 1973 iliamuliwa iwe makao makuu, mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia kwa dhati, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaifikia kutoka Dar es Salaam. Mvua yake haikuongezeka.

Mwaka 2003 daraja la Rufiji lilifunguliwa, lenye urefu wa mita 970, nalo lina jina la Rais Benjamin Mkapa, ambaye naye ni mzaliwa wa Masasi. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kutesa wasafiri kwa miaka kadhaa baadaye, na hata Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika tena huko Kilwa. Hata hivyo safari ni ya siku moja sasa.

Mara ya mwisho nilipokwenda kulizuru kaburi la baba nilikusudia kukaa dirishani niuone ule ukingo tulioketi siku sita. Uzee ni uzee, nilisinzia. Nilipozinduka nikamwuliza kijana aliyeketi karibu nami kama Ndundu bado. Alicheka kwa adabu, akasema, "Babu, tumepapita zamani."