SAFARI YA NG'AMBO: MANENO KWA WATU WA UMOJA NA JAMAA ZAO WA SHAMBA

Wengi wenu mlioko mashamba mwalijua jina la Umoja ingawa hamjafika, maana ndiko anakokaa mtoto au mpwa aliyekuja Nairobi kutafuta kazi. Na siku hizi habari itokayo huko kwa simu mara nyingi ni moja: kijana amepata nafasi ya kwenda ng'ambo, naye ataka asaidiwe fedha upesi kabla nafasi haijapotea. Mzee humtazama ng'ombe wake, mama huhesabu akiba ya chama, na pengine kipande cha ardhi hutajwa. Kwa kuwa mimi ni karani, na kazi yangu ni karatasi, majirani huniletea vyeti vyao tuvisome pamoja kabla ya safari. Basi nimeona yafaa niandike machache, ili mwenye kutoa fedha na mwenye kusafiri wote wawili wajue wanalolitenda.

Umoja ulijengwa katika miaka ya 1970 na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani, ili wafanyakazi wa mapato madogo wapate nyumba za kununua polepole. Nyumba za kwanza zilikuwa za chini na ndogo. Leo nyingi zimegeuzwa kuwa ghorofa ndefu, nguo zimeanikwa barazani toka juu hata chini, na kila kona pana duka, kinyozi na kibanda cha saiba ambapo watu hujaziwa fomu za serikali. Upande mmoja ni Buruburu, upande mwingine ni Kayole, na Barabara ya Outer Ring ndiyo mlango mkubwa wa mtaa.

Kiwanja kikuu cha ndege kiko Embakasi, kusini mashariki yetu, wala si mbali. Kilifunguliwa mwaka 1958, na mwaka 1978 kikapewa jina la Jomo Kenyatta. Mtu akipanda juu ya paa la ghorofa kuanika nguo huziona ndege zikipaa, na bila shaka kuziona kila siku huwatia vijana hamu. Hamu si kosa. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda vyuo vya Marekani, kwa mpango wa marehemu Tom Mboya. Lakini tazameni ilivyotengenezwa safari ile. Nafasi za vyuo ziliombwa kwa barua mapema. Fedha za kukodi ndege zilichangwa kule Marekani, na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Na huku nyumbani jamaa na majirani walichanga fedha za matumizi. Kila mwanafunzi alijua aendako na atakalolifanya. Hilo ndilo fundisho la kwanza.

Basi, jambo la kwanza ni kulijua kusudi la safari na kuomba ruhusa inayolingana nalo. Viza ya matembezi ni ya matembezi, ya masomo ni ya masomo, na ya kazi ni ya kazi. Mtu akikuambia uingie nchi ya watu kwa viza ya matembezi kisha "utapata kazi huko huko", jua kwamba akufundisha kuvunja sheria ya nchi usiyoijua, na siku utakapokamatwa hatakuwapo.

Pili ni pasi. Maombi hujazwa kwa njia ya eCitizen, kisha mwombaji huenda siku aliyopangiwa, kama vile Nyayo House kwa watu wa Nairobi, akiwa na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na karatasi nyingine anazotakiwa, apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Machi 2024 ada ya pasi ya kurasa 34 ilipandishwa toka Sh. 4,550 hata Sh. 7,550, mtu na aangalie ada iliyoandikwa pale pale eCitizen siku ya kuomba, wala asimsikilize wa barabarani. Usingoje kupata nafasi ndipo uombe pasi. Mwaka 2023 maombi mengi yalikwama kwa uhaba wa vitabu na kuharibika kwa mashine za kuchapia, na waliokuwa na haraka ndio walioumia zaidi. Hata mwenye pasi aitazame tarehe ya mwisho, maana nchi nyingi zataka iwe na miezi sita iliyobaki.

Katika pasi liko jambo dogo linaloangusha wengi, nalo ni majina. Cheti cha kuzaliwa chasema Wanjiku, kitambulisho chasema Wanjiko, cheti cha shule kina jina la ubatizo ambalo halimo kwingine. Sisi hapa twajua ni mtu mmoja. Ofisa wa viza hajui, wala si kazi yake kukisia. Weka karatasi zote mezani, soma herufi kwa herufi, na palipo tofauti rekebisha kabla ya kulipa nauli. Jina la tikiti liwe sawasawa na la pasi.

Tatu ni viza yenyewe na afya. Kwa nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen, maombi hupokelewa tangu miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Tena hutakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Aendaye Uingereza kukaa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kwanza. Chanjo ya homa ya manjano hutakiwa na nchi kadha kwa mtu atokaye Kenya, kama vile India na Afrika Kusini. Yapasa kuchanjwa angalau siku kumi kabla ya kusafiri, maana kabla ya hapo cheti hakijaanza kufanya kazi. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Aliyechanjwa zamani na akitafute ndani ya sanduku asije akalipa mara ya pili.

Nne, nasema na wale waendao Ghuba kwa kazi, nao ni wengi katika mtaa wetu, hasa akina dada. Hapa ndipo fedha na maisha ya watu hupotea. Mwaka 2014 Serikali yetu ilizuia kupeleka wafanyakazi wa nyumbani huko kwa sababu ya malalamiko ya mateso, na ilipofungua tena njia mwaka 2017 iliweka masharti. Wakala lazima awe ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na jina lake huweza kutafutwa kabla ya kumpa hata shilingi. Mfanyakazi wa nyumbani hupewa mafunzo kabla ya kuondoka, na mkataba huthibitishwa. Usome mkataba huo mahali palipo kimya, pamoja na mtu asiyepata faida kwa safari yako: jina la mwajiri, mji, mshahara, siku ya mapumziko, na nani alipaye nauli ya kurudi. Katika mpango wa wafanyakazi wa nyumbani wa Saudi Arabia, viza na nauli ya kwenda ni juu ya mwajiri. Basi atakayekuambia uuze shamba ili ulipe viza hiyo, muulize fedha zaenda wapi.

Jueni pia kwamba katika nchi hizo ruhusa ya kukaa hufungamana na mwajiri. Mwezi Machi 2021 Saudi Arabia ililegeza sheria ili wafanyakazi wengi waweze kubadili mwajiri, lakini mageuzi yale hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Ndiyo sababu nasema mkataba ni kama ngao: mtu asiende vitani bila ngao, akitumaini wema wa adui.

Tano ni mizigo. Soko la Mutindwa li karibu, na koti zuri la mitumba hupatikana hapo kwa bei nafuu kuliko dukani London. Lakini uliza kwanza hali ya hewa: mwezi Januari London ni baridi kali, na mwezi Julai Riyadh joto hupita nyuzi 40. Pima mzigo nyumbani, maana shirika la ndege hutoza kilo zinazozidi, na kufungua sanduku mbele ya watu ni aibu. Usibebe nyama wala maziwa kwenda Ulaya, yatachukuliwa. Miraa, ambayo huku huuzwa hadharani, ni haramu kwa sheria Saudi Arabia, na Uingereza imeipiga marufuku tangu Juni 2014. Dawa za hospitali zibaki katika pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari. Wala usipokee kifurushi cha mtu "umfikishie ndugu yangu" usichokifunga kwa mikono yako mwenyewe. Adhabu ya dawa za kulevya katika nchi nyingine ni kifo.

Sita ni mambo ya nyumbani. Nani atalipa kodi ya nyumba na karo? Nani atapokea fedha utakazotuma, naye atazitumiaje? Andikeni, mwafikiane, kila mmoja abaki na nakala. Mwachie jamaa mwaminifu nakala ya pasi, viza, tikiti na mkataba, pamoja na anwani kamili ya uendako na simu ya ubalozi wa Kenya wa nchi hiyo. Namba hiyo ya ubalozi na ya nyumbani uzihifadhi kichwani pia, kwa sababu simu huweza kuibiwa au kunyang'anywa, lakini kilichomo kichwani hakinyang'anywi.

Saba ni siku yenyewe. Uwe kiwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka, na hizo saa tatu zihesabiwe tangu kufika, si tangu kutoka Umoja. Maana Outer Ring jioni haimjui msafiri. Jamaa wote wakutakie heri nyumbani, wawili watatu wakusindikize. Pasi, mkataba na fedha vikae katika mfuko wa mkononi, visiingie katika sanduku.

Kwa wazazi nina neno moja la mwisho. Mtoto akiomba fedha za safari, msimkatalie kwa hofu wala msimpe kwa furaha tu. Mwambieni: tuonyeshe pasi, tuonyeshe mkataba, tutajie jina la wakala tulitafute katika orodha ya Serikali. Aliye na safari ya kweli atavileta siku hiyo hiyo. Asiye nazo atasema hakuna wakati. Na hapo ng'ombe na abaki zizini mpaka wakati upatikane. Haraka haraka haina baraka, na ardhi iliyouzwa kwa juma moja hainunuliki tena kwa miaka kumi.