Hatua Nne

Lenzi niliyoitaka ilikuwa inauzwa laki tatu na nusu Kariakoo. Niliyoipata ilikuwa Dirma, darini kwa baba mkubwa, ndani ya mkoba wa ngozi uliotafunwa na panya, na malipo yake yalikuwa kupukuchua mahindi siku mbili.

"Kamera imekufa," aliniambia. "Jicho lake bado."

Kamera yenyewe ni Zenit-E, aliyouziwa mwaka 1981 na mwalimu aliyerudi kutoka masomoni Moscow. Kwa hiyo alizunguka minada ya Hanang na Mbulu akipiga picha za vitambulisho, za maharusi, na za vijana waliouza ng'ombe wakataka ukumbusho kabla fedha hazijaisha. Lenzi yake ni Helios 44-2 ya milimita 58, Warusi waliyoisanifu kwa kufuata Biotar ya Carl Zeiss wa Jena. Zilitengenezwa nyingi mno, ndiyo maana hata leo bei yake ni ya kueleweka.

Nikaimulika kwa tochi ya simu, kama anavyopaswa kufanya yeyote anayeokota lenzi kuukuu. Kwenye bomba lake kulikuwa na mkwaruzo mrefu uliokwanguliwa na kitu cha ncha kali, nikasikitika. Ndani kulikuwa na kibaya zaidi: nyuzi nyeupe za kuvu, zimetambaa kama utando wa buibui. Ngozi hushika unyevu, na kuvu hupenda unyevu na giza. Baba mkubwa, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, akauliza nimeona nini. Nikamweleza. Akacheka.

"Basi tumezeeka pamoja."

Fundi saa mmoja Katesh alifungua kioo cha mbele, akapangusa alichoweza. Adapta niliagiza Dar kwa elfu kumi na tano: pete nyembamba ya chuma, upande mmoja hesi za M42, upande wa pili meno ya Canon. Bahati yangu ilikuwa kwamba nina Canon. Lenzi za M42 hukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Canon yangu hutaka 44, na pete hujaza pengo. Nikon hutaka 46.5. Huko watu wa karibu wangetoka vizuri, lakini Mlima Hanang kwa mbali ungebaki ukungu mtupu, labda uongeze adapta yenye kioo.

Kamera ilipoivaa lenzi ile iliandika F00, yaani haikuitambua. Hakuna mlio wa kukuambia uso umepatikana. Unazungusha pete kwa mkono, unakuza picha kwenye skrini, unazungusha tena. Wiki ya kwanza nilipiga picha mia mbili, zikafaa kumi. Nilirudi Dirma nikiwa nimeshaamua kuirudisha darini.

Baba mkubwa aliipokea kamera kwa mikono miwili. Hakuisogeza jichoni. Vidole vyake vilipita juu ya bomba hadi kwenye ule mkwaruzo, vikatulia.

"Bado upo," alisema.

Aliukwangua mwenyewe kwa msumari, kwenye alama ya mita 3. Jioni za mnada, giza likiingia na mteja bado anataka picha yake, hakuweza kuona vizuri kupitia kamera. Kwa hiyo aliweka kucha kwenye mkwaruzo, akamsogelea mtu hadi wagusane, kisha akarudi nyuma hatua nne. Hatua zake nne ni mita tatu.

"Mama yako mkubwa yuko wapi?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachagua maharage. Baba mkubwa alimfuata, akamgusa bega, akageuka, akahesabu hatua nne kwa sauti, akageuka tena. Nilimwekea tundu la mwanga kwenye 8, maana kwa umbali ule lingempa kama sentimita thelathini za kukosea, mbele na nyuma. Akabonyeza.

"Macho yamekaa?"

Nilikuza picha. Ningeweza kusema ndiyo, asingejua. Lakini nyuzi za kitenge mgongoni zilihesabika, na uso ulikuwa umefifia.

"Hayajakaa, baba mkubwa. Kainama kumfukuza kuku."

"Huyo hatulii tangu zamani," akasema, na mama mkubwa akamjibu kwamba kuku walikuwa wanamla maharage yake, si picha.

Akarudia. Bega, hatua nne, kucha kwenye mkwaruzo. Safari hii mama mkubwa alikaa wima, mikono juu ya ungo, akimtazama. Nikakuza hadi kope zikaonekana moja moja. Nyuma yake, mwanga wa jua ulikuwa umetandazwa na ile kuvu iliyobaki.

"Yamekaa," nikasema.

"Najua," alisema, akanirudishia kamera. "Sasa simama hapa nilipo. Pima hatua zako, za kwangu hazitakufaa."

Zangu ziliingia tatu na nusu.