Maji ya Korogwe, Kiu ya Handeni



Dominika ya tatu ya Kwaresima, mwaka A, hutupeleka kwenye kisima cha Yakobo, alipoketi Bwana wakati wa adhuhuri akamwomba maji mwanamke Msamaria. Sisi tunaosafiri kwa utume kati ya Korogwe na Handeni hatuhitaji kufafanuliwa sana Injili hiyo.

Mto Pangani unapita Korogwe ukiwa umebeba maji ya Kilimanjaro na Meru. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakaenea, na mji ukakua. Handeni ni mwendo wa kilomita 65 tu kwa lami, lakini hali yake ni nyingine kabisa. Mvua haziaminiki, vijito hukauka, na vijijini watu hunywa maji ya malambo wanayoyanywa ng'ombe pia. Katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kuu la kupandisha maji ya Pangani hadi Handeni. Mitambo ikachakaa, watu wakaongezeka. Mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa India, nao umeuelekea mto uleule.

Kiu hii ina historia chungu. Katika miaka ya 1830 ukame na njaa viliwasukuma Wazigua wengi kwenda pwani, wakaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa waliowavusha hadi Somalia. Wajukuu wao waliishi kando ya mto Juba, na Kizigua hawakukiacha. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walirudi kwa njia ya bahari wakiwa wakimbizi. Wakapokelewa Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Yaani walirudi katika ardhi ileile yenye kiu iliyowatoa babu zao.

Tunayaandika haya tukiwa na jambo la kuungama. Katika kigango chetu kimoja upande wa Handeni kuna tangi la maji ya mvua yanayokingwa kwenye paa la kanisa. Mwezi uliopita tulilifunga bomba lake kwa kufuli, ili maji yawatoshe mafundi wanaojenga nyumba ya katekista. Sababu yetu tuliiona njema, hata tuliitangaza baada ya Misa. Siku ya tatu bibi mmoja alifika na ndoo, akalitazama kufuli, akatusalimu kwa heshima zote. Hakulalamika. Alisema tu kwamba katika mabati ya paa lile, mawili aliyatoa yeye kwa kuuza kuku wake. Kisha akajitwika ndoo tupu akaelekea lamboni.

Hatukupata neno la kumjibu, sisi tuliosoma Maandiko miaka mingi seminarini.

Kufuli tuliliondoa jioni ileile. Tangi lilikauka siku ya tisa, na mafundi wamesimama mpaka leo.