Weupe wa Fungu la Tutia

Mimi ni mzaliwa wa Bariadi, katika nchi ya pamba, ambako wakati wa kiangazi twachimba mchanga wa mtoni kutafuta maji ya kunywa. Basi nilipopelekwa kusomesha kisiwani Mafia, bahari ilinitia hofu kwa muda mrefu kabla sijathubutu kuingia ndani yake.

Mwezi wa Novemba 1997, kusi lilipokwisha na maji yakawa maangavu, sahibu yangu mmoja mzamiaji alinivika miwani na mtungi wa hewa, akaniteremsha katika Fungu la Tutia, kusini ya kisiwa, kina cha pima tatu au nne tu. "Mwalimu," aliniusia, "usiguse kitu, wala usizuie pumzi." Nikaona msitu wa matumbawe yenye matawi kama pembe za swala, ya hudhurungi na samawati, na pono wakitafuna mwambani kwa mlio nilioweza kuusikia waziwazi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1995. Nami, niliyekwisha hadithiwa na wazee madhara ya baruti na ya kuchimba matumbawe kwa ajili ya chokaa, niliitakidi kwamba adui amezuiwa.

Nilirudi mwanzoni mwa Aprili 1998. Fungu zima lilikuwa jeupe pe, na moyo wangu ukafurahi, kwani kwetu shamba likiwa jeupe ndiyo neema yenyewe, ndiyo ada ya shule na mabati ya nyumba. Mwenzangu hakufurahi. Tulipoibuka alinifahamisha kwamba tumbawe ni mnyama, na rangi yake ni ya vimea vidogo mno vikaavyo mwilini mwake na kumlisha. Joto la bahari likizidi, kama lilivyozidi mwaka ule wa El Niño, mnyama huyo huvitoa, akabaki mweupe, na joto lisipopungua upesi hufa kwa njaa. Sijapata kuona haya kama siku ile kwa furaha yangu.

Baadaye mwani uliifunika mifupa ya matumbawe yaliyokufa, na mawimbi ya kusi yakayavunja matawi.

Mwaka 2012, Bariadi ilipokuwa makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu, nilizamia tena Tutia. Juu ya vifusi yalikuwa yameota matawi machanga, mengine yapata shibiri moja. Lakini matumbawe makubwa ya mviringo, mfano wa yale yaliyokufa, hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka.