Uko Wapi Sasa Hivi?

Shangazi yangu anauza asali uani kwake, hapa Gongoni, Tabora. Mteja mgeni akipotea humpigia simu, naye, salamu hazijaisha, huuliza: "Uko wapi sasa hivi?" Akijibiwa stesheni, anamwelekeza kuanzia stesheni. Akijibiwa sokoni, anaanzia sokoni. Nimelisikia swali hilo miaka mingi bila kulitia maanani, mpaka nilipotengeneza tovuti yangu ya kwanza, ambayo kwa kweli ilikuwa yake.

Vifaa havikuwa vingi: kompyuta mpakato ya kuazima, Notepad ile inayokuja na kompyuta yenyewe, na kivinjari cha kutazamia. Nilikuwa nikidhani tovuti ni jambo la mainjinia. Kumbe ukurasa ni faili la maandishi tu, lenye alama za HTML zinazosema hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa pana picha. Tovuti ya kwanza duniani, aliyoiweka Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo. Mwaka 1993 CERN wakaiachia dunia teknolojia hiyo bure, ndiyo maana hatukupiga hodi kwa mtu kuomba ruhusa. Rangi na mpangilio vina lugha yake, CSS. Nilijifunza kiasi cha kupaka kichwa cha habari rangi ya asali, nikaishia hapo. Siku hizi wengi huanzia WordPress, na siwalaumu. Ila mimi nashukuru nilianza na faili tupu, maana kosa langu lilikosa pa kujificha.

Faili la kwanza nililiita index.html, jina ambalo kwa kawaida seva hulitafuta mgeni anapoingia bila kutaja ukurasa. Kisha zikaja gharama mbili ambazo mfanyabiashara yeyote wa Tabora anazijua kwa majina mengine: kibao na fremu. Kibao ni jina la tovuti, nalo hulipiwa kwa mwaka. Ukisahau kulipia, baada ya muda unaweza kukuta limechukuliwa na mwingine. Fremu ni nafasi kwenye seva, mahali mafaili yanapolala. Zipo fremu za bure kwa kurasa ndogo, GitHub Pages ikiwa mojawapo, na kwa mwanafunzi zinatosha kabisa.

Nikayapandisha mafaili kwa programu ya FileZilla. Maandishi yalifika mara moja. Picha ya mzinga, niliyoipiga kwa simu, ilikuwa na megabaiti 5, na mtandao wa siku ile ulikwenda kwa miguu. Nilimkumbuka msafiri Livingstone, ambaye mwaka 1872 alikaa miezi mitano pale Kwihara, jirani na mji wetu, akisubiri wapagazi. Na wapagazi wenyewe, babu zetu Wanyamwezi, walikuwa na kipimo chao: mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, kwa sababu aliyeufunga alijua kuna bega litakaloubeba kutoka pwani hadi hapa, safari ya miezi. Picha yangu ingebebwa na bando la mteja. Nikaipunguza mpaka kilobaiti 150, na kwa jicho langu haikupoteza kitu.

Nikaenda kwa shangazi kifua mbele. Akafungua kwa simu yake.

"Mbona boksi tupu?"

Kwenye kompyuta yangu picha ilikuwepo, inang'aa. Kwenye simu yake, tupu. Nikamwambia labda ni simu yake. Akaniangalia tu. Usiku nikausoma ule mstari wa picha polepole, nikacheka peke yangu: njia niliyoiandika ilianza na C:, ikapita kwenye mafolda ya kompyuta ile ya kuazima. Yaani nilimwelekeza mteja kwa kumwambia toka kitandani kwangu, pitia mlango wa uani. Mimi nilifika kila mara kwa sababu nilikuwa tayari nimelala hapo. Dawa yake ilikuwa kuandika njia inayoanzia pale ukurasa wenyewe ulipo, popote utakapofunguliwa. Nikarekebisha, boksi likabaki tupu. Safari hii ilikuwa herufi: faili liliitwa Asali.JPG, mimi nimeandika asali.jpg. Windows huyaona hayo kuwa jina moja. Seva nyingi hutumia Linux, na kwake ni mafaili mawili tofauti.

Usingizi ulichelewa. Nilimwaza mdogo wangu, aliyekuja mwaka uliotangulia kuniuliza habari za chuo. Nilimweleza kwa saa nzima, kwa bidii: njia niliyopita mimi, kwa ada ya wakati wangu, nikiwa na mjomba wa kunipokea Dar es Salaam. Yeye hakuwa na mtu huko. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaondoka na boksi tupu, nami nikasema kijana hataki kusoma. Sikumuuliza yuko wapi sasa hivi.

Asubuhi nikarudi kwa shangazi. Mzinga ukatokea, akatabasamu, akaanza kusoma kwa kidole. Nilikuwa nimejaza aya tatu za fahari: Kazeh, yaani Tabora ya zamani, wasafiri Burton na Speke kuwasili mwaka 1857, njia ya misafara na miembe yake, Livingstone na tembe lake. Akashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, akapanda tena juu.

"Sasa huyu Livingstone ndiye atakayenunua?"

Bei sikuandika. Namba ya simu pia sikuandika. Nikafungua tena Notepad, na shangazi akavuta kigoda akakaa kando yangu.