Mcheza Kwao Huuzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walikuwa wanazungumzia ngoma, si soka, na hawakuwahi kukutana na mhasibu wa klabu ya Ligi Kuu ya England. Mhasibu huyo ana methali yake, ingawa hajaiandika popote: mcheza kwao huuzwa. Tena huuzwa mapema, kabla ya mgeni aliyenunuliwa juzi kwa bei ya kutisha na ambaye bado hajaonyesha chochote.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kila mwezi Juni unapoelekea ukingoni najikuta nasoma tarakimu kuliko mechi. Ligi imeisha, viwanja vimefungwa, lakini tarehe 30 Juni ndiyo siku ambayo klabu nyingi za Uingereza hufunga vitabu vyao vya mwaka. Fainali nyingine huchezwa hapo, haina refa wala mashabiki, na mwenye kujua kuisoma anaona mambo.

Sheria iliyotawala ligi hiyo kwa zaidi ya miaka 10 inasema klabu isipate hasara inayozidi pauni milioni 105 ndani ya miaka 3. Iliyopanda daraja karibuni hupewa nafasi ndogo zaidi. Mmiliki anaweza kuwa na fedha za kujaza kisima, lakini akizidisha hapo, klabu inakatwa pointi. Si maneno matupu. Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023, rufaa ikazishusha hadi 6, na kabla msimu haujaisha wakakatwa nyingine 2.

Ujanja wote uko kwenye namna ya kuhesabu. Ukinunua mchezaji kwa pauni milioni 100 na kumpa mkataba wa miaka 5, vitabuni huandiki 100 mwaka huu. Unaandika 20 kila mwaka. Ukiuza, faida yote inaingia siku hiyo hiyo: bei uliyouzia, toa sehemu ya gharama ambayo bado hujaiandika. Sasa chukua kijana uliyemlea mwenyewe tangu ana miaka 8. Hukumnunua, kwa hiyo hakuna cha kutoa. Ukimuuza kwa milioni 40, zote 40 ni faida. Miaka yote aliyokaa kwenu, kwenye vitabu thamani yake ni sifuri. Siku anayoondoka ndiyo siku anayokuwa na thamani.

Mdogo wangu ni Chelsea wa damu, na mwaka 2024 alikasirika kweli kweli Conor Gallagher alipouzwa Atlético Madrid. Gallagher alikuwa kwenye klabu hiyo tangu mtoto, na msimu uliotangulia alivaa kitambaa cha unahodha mara nyingi.

"Dada, si wangemuuza mmoja wa hao wa mamilioni wanaokaa benchi?"

Nikamweleza. Yule wa mamilioni bado ana deni kubwa vitabuni. Ukimuuza kwa bei ya chini unaandika hasara. Gallagher hana deni. Akatulia kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo kosa lake ni kupatikana bure."

Nimesoma ripoti nyingi za wachambuzi wa fedha za soka na sijakutana na muhtasari mzuri kuliko huo.

Na Gallagher hakuwa wa kwanza. Mason Mount aliingia akademi ya Chelsea akiwa na miaka 6. Mwaka 2021 ndiye aliyepenyeza pasi ya bao la Kai Havertz lililowapa ubingwa wa Ulaya kule Porto. Miaka miwili baadaye alikuwa Manchester United. Elliot Anderson alilelewa Newcastle, mtoto wa eneo lile lile. Juni 2024, siku zikiwa zinahesabika kabla ya vitabu kufungwa, akauzwa Nottingham Forest kwa takriban pauni milioni 35. Kocha wake, Eddie Howe, hakuficha kwamba asingependa kumwacha. Upande wa pili, Newcastle wakamchukua kipa wa Forest, Odysseas Vlachodimos, ambaye baadaye hakupata nafasi. Mwaka uliofuata Anderson akaanza kuichezea timu ya taifa ya England.

Forest wenyewe walishafundishwa somo hilo kwa bakora. Walikuwa na Brennan Johnson, mtoto wa akademi yao, na katika kiangazi cha 2023 hawakukubali kumuuza haraka. Walisubiri bei nzuri, wakaipata Septemba mosi: pauni milioni 47.5 kutoka Tottenham. Kwa mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo, huko ndiko kuuza kwa akili. Lakini 30 Juni ilikuwa imepita. Walionekana wamevuka kiwango chao kwa pauni milioni 34.5, wakakatwa pointi 4. Sheria inayodai kufundisha matumizi ya busara ilimwadhibu aliyesubiri bei ya busara. Nani atasubiri tena?

Ndiyo maana Juni hiyo ya 2024 tuliona biashara za ajabu ajabu. Aston Villa wakamchukua Ian Maatsen kutoka Chelsea. Chelsea wakamchukua Omari Kellyman kutoka Villa kwa takriban pauni milioni 19, kijana aliyekuwa amecheza mechi chache tu za wakubwa. Kila upande ukaandika faida leo, na gharama ikasukumwa miaka ya mbele. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ni sawa na majirani wawili wanaouziana kuku kwa bei ya ng'ombe, halafu kila mmoja anakwenda kumwonyesha mwenye nyumba risiti kwamba ana kipato.

Sisi tunaopenda vitabu tunajua kwamba msimulizi hasemi uongo lazima. Anachagua tu aanzie wapi na amalizie wapi. Wahasibu hawa ni wasimulizi wa kiwango cha juu. Mkataba wa miaka 5 haukutosha? Wakaandika wa miaka 8 na nusu. Mykhailo Mudryk na Enzo Fernández walisajiliwa Chelsea Januari 2023 kwa mikataba ya urefu huo, ili gharama ya kila mwaka iwe nyembamba. UEFA ikaziba tundu hilo mwaka ule ule kwa kuweka ukomo wa kugawanya gharama kuwa miaka 5, na Ligi Kuu ikafuata Desemba.

Tundu likizibwa huku, linatobolewa kule. Chelsea walikuwa na hoteli mbili pembeni ya uwanja wao. Wakaziuza kwa pauni milioni 76.5, na mnunuzi alikuwa kampuni dada, ya wamiliki wale wale. Mkono wa kulia umeuza, wa kushoto umenunua, na katikati imezaliwa faida. Derby County walishafanya jambo la namna hiyo 2018, uwanja wao wa Pride Park ulipouzwa kwa kampuni ya mmiliki wa wakati huo.

Kisha ikaja zamu ya wanawake. Mei 2024 timu ya wanawake ya Chelsea ilitwaa ubingwa wa England kwa mara ya 5 mfululizo. Mwezi uliofuata ikauzwa kwa kampuni mama kwa karibu pauni milioni 200, na hesabu za mwaka huo, ambazo zingeonyesha hasara, zikaonyesha faida. Naweza kukubali kwamba timu ile ina thamani kubwa. Mwaka 2025 mwekezaji wa nje, Alexis Ohanian, alinunua hisa zake kwa fedha halisi. Kinachoniuma ni wakati. Wanawake wale walishinda miaka yote hiyo, na siku walipoandikwa kwa wino mzito vitabuni ilikuwa kwa sababu timu ya wanaume ilikuwa imetumia kupita kiasi. Everton na Aston Villa wakafuata njia hiyo hiyo. UEFA haikubali kuhesabu mauzo ya aina hiyo, na Julai 2025 iliwapiga Chelsea faini ya yuro milioni 31. Ligi Kuu iliyakubali.

Kuna wanaosema basi sheria zote zifutwe, mwenye nacho atumie. Hao nawakumbusha Bury. Klabu iliyoanzishwa 1885, iliyobeba Kombe la FA mara mbili, ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019 kwa sababu fedha ziliharibika. Mji ulibaki na uwanja usio na mechi. Sheria za matumizi zipo kwa ajili ya miji kama huo, na yeyote anayezicheka aanze kwanza kuwaeleza watu wale.

Shida yangu iko kwingine. Sheria inayotaka kuilinda klabu isife imefanya kitu kinachoifanya klabu iwe ya watu fulani, yule mtoto wa mtaa wa pili, kiwe ndicho rahisi kuliko vyote kuuza. Novemba 2025 klabu za Ligi Kuu zilipigia kura utaratibu mpya wa kuanza msimu wa 2026/27: gharama za kikosi zisizidi asilimia 85 ya mapato. Ni hatua. Lakini faida ya kuuza wachezaji bado inaingia kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo mtoto wa nyumbani bado ni faida tupu inayotembea. Ningekuwa na kura, ningeomba kitu kimoja: mshahara wa kijana aliyelelewa na klabu yenyewe usihesabiwe kwenye gharama, alimradi yupo. Kumbakiza kuwe na faida, kama kumuuza kulivyo na faida.

Ukirudi kwenye ile methali, utaona Kiswahili kilishaliona jambo hili. Kumtunza mcheza ngoma ni kumpa fedha mbele ya watu, kumbandika noti kwenye paji la uso huku wengine wakipiga vigelegele. Kumtunza mtu pia ni kumweka vizuri, asipotee. Vitabu vya klabu vina mahali pa kuandika maana ya kwanza, hadi senti ya mwisho. Maana ya pili haijapata mstari.